Usingizi unakata saa nane usiku kila siku: nilipokuwa nakosea, na kilichonisaidia

Popo Mchovu (mwenye uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Kwa miezi saba nilikuwa nalala chali nikihesabu vipinda vya ufa uliopo darini. Unaanzia kwenye taa, unaishia juu ya mlango, una vipinda kumi na viwili, na kile cha saba kimekaa kama pua. Usingizi unanichukua saa nne, saa nane nimeshaamka, macho makavu, kama mtu aliyeitwa jina. Kuanzia hapo ni kugaragara mpaka kunakucha. Usiku mwingine inakuwa kinyume chake: sipati hata lepe hadi saa tisa, halafu usingizi mtamu unakuja dakika kumi kabla ya kengele ya simu.

Siku hizi nalala. Usiku mmoja mmoja bado unanisumbua, lakini si ule ugonjwa tena. Naandika kwa sababu kuna kitu kimenishangaza: karibu kila nilichokifanya ili nipate usingizi ndicho kilichokuwa kinaufukuza. Na nikisoma nyuzi za humu naona tuko wengi.

Ilianzaje? Nilikuwa nauguza mzazi. Wiki sita za kuamka usiku kumgeuza na kumpa dawa. Alipopona nikajua na mimi sasa nitalala. Wapi! Mgonjwa anakoroma chumba cha pili, muuguzaji yuko macho.

Nilipokwenda kumwona daktari nilitegemea aniulize habari za mawazo. Akaniuliza, tangu uanze kukosa usingizi umebadilisha nini? Nikaanza kutaja kwa fahari kabisa, maana nilijiona mtu niliyejitahidi. Napanda kitandani saa mbili na nusu ili nipate muda wa kutosha. Siku za mapumziko nalala hadi saa tatu asubuhi kufidia. Jioni nikitoka kazini najinyoosha kwenye kochi. Alasiri nakunywa kahawa nisije nikasinzia mbele ya watu. Na usiku nikishtuka natazama simu nijue zimebaki saa ngapi. Yeye anaandika tu. Nilipomaliza akasema, "Hayo matano ndiyo ugonjwa wako. Kuuguza kulikwisha zamani."

Nilikasirika kidogo, sifichi.

Alivyonieleza nawapa kwa lugha yangu. Usingizi unaletwa na vitu viwili. Cha kwanza ni deni. Tangu unapoamka, ubongo unakusanya kemikali inayoitwa adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyolundikana na ndivyo unavyolemewa. Ukilala inaondolewa. Kile kijisingizi changu cha kwenye kochi saa kumi na mbili jioni kilikuwa kinalipa sehemu ya deni kabla usiku haujaingia, kwa hiyo saa nane mwili unasema mimi sidaiwi tena. Kahawa nayo hailipi chochote, inamziba tu masikio mdaiwa: kafeini inakalia vile vipokezi ambavyo adenosini ilipaswa kuvikalia. Na haina haraka ya kutoka. Kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini, na wengine huchukua muda mrefu zaidi. Kikombe changu cha saa kumi alasiri kilikuwa kinaingia na mimi kitandani.

Cha pili ni saa ya mwilini. Iko kwenye kifundo kidogo cha seli ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana, na inarekebishwa hasa na mwanga. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa ya aina hii inavyofanya kazi ndani ya seli. Saa hii haijui Jumapili. Ukiamka saa kumi na mbili siku tano, na saa tatu siku mbili, ni kama umesafiri nchi ya mbali na kurudi kila wiki bila kutoka kitandani.

Halafu kuna la tatu, ambalo kwangu ndilo lilikuwa kubwa: kitanda chenyewe. Kwenye kochi nasinzia mpaka mate yananitoka. Nikikanyaga tu chumbani, mwili unachangamka kama nimeitwa kwenye usaili. Miezi saba ya kuhangaika juu ya godoro lile lile ilikuwa imeufundisha mwili kwamba hapa ni mahali pa kuhangaikia. Kama na wewe uko hivyo, usiende kununua godoro jipya. Mimi nilinunua.

Nilichofanya naweka chini hapa, acheni nipumzishe vidole.

---

Kijana Pembeni

Mkuu uzi mrefu, jibu fupi. Vidonge vipo. Mimi nameza vile vya zamani vya mafua na mzio, nusu saa tu nimezima. Usiku mwingine glasi mbili za kitu kikali. Nalala kama pono.

---

Popo Mchovu

Kijana, hilo nawaachia wenye taaluma. Mimi naendelea.

Daktari alinipa daftari, si dawa. Kila asubuhi naandika: nilipanda kitandani saa ngapi, nadhani nililala saa ngapi, niliamka mara ngapi, nilitoka saa ngapi. Kwa kukadiria tu, bila kutazama saa usiku. Simu ikahamia sebuleni siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili tukapiga hesabu: kitandani saa tisa na nusu, usingizi saa tano na nusu. Hata asilimia 60 haifiki. Akaniambia nimechukua shuka la mtoto navuta limfunike mtu mzima, lazima litachanika katikati. Na lilikuwa linachanika saa nane.

Amri ikawa hivi. Kuamka ni saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, iwe nimelala au sikulala. Kitandani siruhusiwi kabla ya saa sita na nusu usiku. Yaani saa tano na nusu tu za kitanda, sawa na usingizi niliokuwa naupata kweli. Mchana silali. Nikipanda nikaona usingizi hauji, au nikishtuka katikati na kuanza kuhangaika, natoka chumbani, nakaa kwenye kiti, taa hafifu, nafanya kitu kisicho na utamu wowote. Mimi nilikuwa napanga vifungo vya nguo kwenye kopo, kwa ukubwa. Macho yakilegea narudi. Yasipolegea nabaki na vifungo vyangu.

Wakuu, wiki ya kwanza ilikuwa adhabu. Kungoja saa sita na nusu huku kichwa kinaanguka ni kazi ngumu kuliko kukosa usingizi. Nilikuwa nasimama nimeegemea ukuta wa jikoni kwa sababu nikikaa tu nimekwenda. Siku ya nne nilimjibu mtu vibaya kazini nikaenda kumwomba radhi. Siku ya tisa nilipanda kitandani, na kitu cha pili ninachokikumbuka ni kengele. Saa nane ilipita bila kunipigia hodi.

Daftari likaanza kusoma saa tano ndani ya zile tano na nusu, kama asilimia 90. Hapo ndipo unaruhusiwa kuongeza dakika 15, unakaa nazo wiki nzima, zikishika unaongeza nyingine. Kama unashuka chini ya 85 huongezi. Wiki moja nilibaki pale pale. Leo napanda saa tano usiku, naamka saa kumi na mbili, na kati ya hizo saa saba nalala zaidi ya sita na nusu.

Nasisitiza: hii usiifanye kienyeji kama unaendesha gari la safari ndefu au mashine, kama una kifafa, au kama umewahi kuugua ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kupunguza usingizi kunaweza kukuangusha. Na hakuna kushuka chini ya saa tano za kitanda, hata daftari likisema unalala tatu.

---

Nesi Mstaafu

Mwenye uzi umeeleza vizuri. Sehemu ya kutoka kitandani ilipendekezwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972, na ya kubana muda wa kitanda ni ya Arthur Spielman na wenzake, 1987. Zote mbili sasa zimo ndani ya tiba ya kitabia ya kukosa usingizi, na mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, walitoa mwongozo kwamba hiyo ndiyo ianze kabla ya vidonge kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu. Sugu maana yake angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Usiku mbovu mmoja kabla ya mtihani si ugonjwa, ni ubinadamu.

Kijana Pembeni, mwanangu, njoo hapa karibu. Hivyo vidonge vya mzio vinakulaza kweli, siku chache za mwanzo. Baada ya hapo mwili unavizoea, usingizi unapungua, na ule uzito wa kichwa wa asubuhi unabaki. Kwa wazee ni hatari zaidi: wanachanganyikiwa, wanaanguka, na mwanaume mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Kuhusu hiyo glasi, pombe inakutia usingizini haraka halafu inakuharibia nusu ya pili ya usiku. Ikishachujwa mwilini ndipo unaanza kushtuka, kiu, jasho, ndoto za ajabu. Hebu tuambie ukweli, unaamka saa ngapi?

---

Kijana Pembeni

Saa tisa.

---

Nesi Mstaafu

Nilijua.

Na kwa wanaotumia vidonge vya usingizi vya diazepamu na jamaa zake kwa miezi: msiache ghafla baada ya kusoma uzi huu. Ukikata kwa mkupuo usingizi unakuwa mbaya maradufu, na wengine hupata degedege. Inapunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa aliyeiandika.

---

Mke wa Mkoromaji

Jamani mimi shida yangu ni ya ubavuni. Mume wangu analala mapema, analala saa nane nzima, na bado mchana anasinzia akiwa anaongea na mgeni. Anakoroma mpaka kioo cha dirisha kinaitika. Ila kinachoniamsha mimi si mkoromo, ni pale unapokatika. Kimya. Nahesabu moja, mbili, tatu... nafika kumi na tano, halafu anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Yeye anasema ni uchovu wa kazi.

---

Nesi Mstaafu

Dada, huyo siyo wa kupanga vifungo. Na usimpe kidonge chochote cha usingizi. Hiyo ni njia ya hewa inaziba akiwa amelala, wataalamu wanaiita apnea. Pumzi ikikatika kwa sekunde kumi au zaidi inahesabiwa, na wengine hukatika mara kadhaa kila saa moja ya usiku. Kila mara ubongo unamwamsha nusu ili avute hewa, ndiyo maana saa nane za kitanda hazimshibishi. Inakwenda pamoja na shinikizo la damu. Mrekodi kwa simu dakika kumi, nenda naye hospitali, mpeni daktari asikilize. Kuna mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, ilibuniwa Australia na Colin Sullivan mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ndiyo tegemeo mpaka leo kwa wenye hali nzito. Wenye nafuu kidogo husaidiwa na kupunguza uzito, kuacha pombe ya usiku, na kulala ubavu badala ya chali.

---

Mlinzi wa Zamu

Wote mnazungumzia usiku. Sisi tunaolala mchana je? Natoka lindo saa kumi na mbili asubuhi, jua linanipiga usoni njia nzima, nafika kitandani macho yamefunguka kama dirisha. Saa sita mchana nimeshaamka.

---

Popo Mchovu

Mkuu umejijibu mwenyewe, hilo jua. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwilini kwamba siku imeanza.

---

Paka wa Lindo

Mlinzi, mimi nimefanya zamu za usiku miaka mingi. Miwani myeusi kuanzia getini hadi nyumbani, watu wacheke wanavyotaka. Dirishani nimeweka kitambaa kizito cheusi, na pembeni nimebana kwa gundi ya karatasi maana mwanga una tabia ya kupita kwenye mwanya wa kidole. Kahawa naimaliza kabla ya saa saba usiku. Na kabla ya kuingia lindo nalala jioni kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Najua mwenye uzi kapiga marufuku kusinzia, lakini kwetu sisi wa zamu ni akiba. Kitu kimoja sijawahi kukishinda: zamu za kuzunguka, wiki hii usiku, wiki ijayo asubuhi. Hapo mwili hauelewi chochote, unaishi nao tu.

---

Mguu Mmoja Nje

Mimi mawazo sina, kahawa sinywi. Nikilala tu miguu inaanza. Siyo maumivu, ni kama wadudu wanatembea ndani ya mfupa, na nikiitikisa au nikitembea inatulia. Nikirudi kitandani wanarudi. Nimeambiwa ni mawazo, nimeambiwa ni mambo ya kishirikina, hadi nimechoka kusimulia.

---

Nesi Mstaafu

Miguu isiyotulia. Ni ugonjwa unaojulikana, una jina na una tiba. Inazidi jioni na usiku, inatulia ukitembea, hizo ndizo alama zake. Omba upimwe akiba ya madini ya chuma mwilini, siyo wingi wa damu peke yake, maana damu inaweza kuonekana ya kawaida huku akiba imekauka. Usijinywee vidonge vya chuma bila kipimo. Wajawazito na wenye matatizo ya figo hupata sana. Na kama unatumia zile dawa za mzio za Kijana Pembeni, ziache, zinaizidisha.

---

Baba wa Watano

Mimi ni haja ndogo. Mara nne usiku. Nikirudi kitandani usingizi umepaa.

---

Nesi Mstaafu

Baba, pima sukari na tezi dume kwanza. Kama unatumia dawa ya presha ile inayokojosha, muulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi badala ya jioni. Miguu ikivimba mchana, inyanyue juu ya mto jioni mapema, ili yale maji yatoke kabla hujalala badala ya kukuamsha. Na kwa ujumla wakuu, kagueni dawa zenu. Prednisoloni ikimezwa jioni inakesha na wewe, kawaida humezwa asubuhi. Dawa za kufungua pua nazo, na baadhi ya dawa za sonona. Msiache dawa, ulizeni saa ya kumeza.

---

Sauti ya Chini

Nimesoma yote. Yangu haifanani na yoyote. Naamka saa kumi kasoro, kila siku. Silii, siwazi chochote cha maana. Naona tu siku nyingine inakuja na siitaki. Chakula hakina ladha. Nyimbo nilizokuwa napenda nazima. Imefika mwezi wa tatu. Nijaribu hilo daftari?

---

Popo Mchovu

Ndugu yangu, hapana, siyo daftari kwanza. Yule daktari wangu aliniuliza maswali ya namna hiyo kabla ya kunipa daftari, akasema kuamka alfajiri na kukosa hamu ya kila kitu ni alama ya sonona, na inatibika kama sonona, kwa mazungumzo, kwa dawa, au vyote viwili. Usingizi unaweza kufuata. Mwambie mtu mmoja wa karibu leo, kisha nenda kituo cha afya. Na kama kuna wakati unawaza kujidhuru, usingoje asubuhi, mwamshe mtu sasa hivi. Nimekuandikia pia inbox.

---

Sauti ya Chini

Nimeiona. Asante. Dada yangu nimemwambia.

---

Kijana Pembeni

Swali la kweli sasa, sitanii. Nikizima taa ndipo kichwa kinaanza kazi. Kesho nifanye hiki, yule nimjibu hivi, ile kazi sijamaliza. Mchana kutwa wala siyakumbuki.

---

Popo Mchovu

Mchana huyakumbuki kwa sababu mchana una simu mkononi. Kitandani ndiyo mara ya kwanza kichwa kinapata nafasi ya kuongea na wewe.

Mimi nilikipa miadi. Saa moja jioni, mezani, siyo chumbani, dakika kumi na tano, karatasi. Naandika kila linalonisumbua na mbele yake hatua moja ya kesho, hata kama hatua yenyewe ni "sina la kufanya". Usiku likija najiambia hilo lipo kwenye karatasi. Wiki ya kwanza halisikii, baadaye linasikia. Usijilazimishe kulala, maana kulala ndicho kitu pekee ninachokijua ambacho ukikazana nacho kinakukimbia. Kuna usiku nilijiambia nitakaa macho kusudi gizani, macho wazi, nione nitafika wapi. Sikufika mbali.

Maji ya moto nayo yananisaidia, lakini saa moja au mbili kabla ya kulala, siyo dakika ile ile. Ngozi ikipata joto, joto la ndani linatoka, na mwili unaposhuka joto ndipo unapotaka kulala. Chumba kiwe baridi kidogo, giza, basi. Mambo ya chai za majani na mafuta ya kunusa nimejaribu, yananukia vizuri.

---

Mlinzi wa Zamu

Mrejesho. Miwani nimevaa siku sita. Nimelala hadi saa nane mchana mara nne. Jirani ameuliza kama naumwa macho.

---

Mke wa Mkoromaji

Na mimi nina mrejesho. Nilimrekodi, nikamsikilizisha asubuhi akiwa anapiga mswaki. Alisikiliza ule ukimya mpaka mwisho, akauliza, "Huyu ni mimi?" Amekubali, tumepangiwa kwenda kupimwa wiki mbili zijazo. Kwa sasa nimemshonea mfuko mgongoni mwa fulana nikatia mpira wa tenisi, akigeuka chali unamuumiza anarudi ubavu. Usiku wa kwanza aliivua akiwa usingizini, nikaikuta chini ya kitanda. Jana nimeirudisha na kuifunga kwa kamba mbele.